Mlango Alioukomea Mama Kinaya

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa bodi ya shule. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi. Na wewe, Mwalimu wetu unayestaafu, ambaye shule nzima inakuita Mama Kinaya ukishageuza mgongo, na leo mimi mkuu wako nakuita hivyo mbele ya macho yako: habari za mchana!

Mwalimu, umetufundisha kwamba kinaya ni pale sisi watazamaji tunapojua, na aliye jukwaani hajui. Ni nani aliyepita shule hii asiigize ile tanzia yako kongwe ya kila mwaka? Mfalme anaogopa maadui, anakomea lango la mji kwa mkono wake na kuapa kwamba haingii mtu. Kumbe anayegonga ni mwanawe wa pekee, amekuja kusema vita vimekwisha. Kadiri anavyojisifu kwamba ameuokoa mji, ndivyo sisi tunavyouma vidole.

Mheshimiwa Afisa Elimu, uniwie radhi, hili siwezi kulimeza. Ulipokuja mara ya kwanza ulikaa hapo hapo mbele, suti na tai, na mfalme aliposhika komeo ukasahau cheo, ukasimama na kupaza sauti: “We mzee, fungua! Mwanao yuko nje!” Mfalme wetu, kijana wa kidato cha tatu, akachanganyikiwa, akafungua kweli, na tanzia ikaisha kwa watu kukumbatiana. Sisi walimu tulitamani ardhi itumeze. Mama Kinaya alicheka hadi machozi, akasema, “Mwacheni. Huyo kinaya kimemwingia.”

Ndugu zangu, mtu anayeipenda kazi hivyo hastaafu kimyakimya. Muhula mzima, kila saa ya chai, alinikamata: “Mkuu, darasa langu unamwachia nani? Usije ukaniambia mchezo wangu utafungiwa kabatini pamoja na taji la karatasi!” Nikajibu, “Tunatafuta, Mwalimu,” na wenzangu wote wakainamia vikombe, utadhani chai ina maandishi. Akamgeukia bintiye, anayefundisha fasihi shule ya mbali, amsihi ahamie hapa. Binti akamjibu kwenye simu, “Mama, uhamisho siku hizi mgumu.” Wiki ile hakuna aliyethubutu kumsalimia mara mbili.

Mbona sasa unanikazia macho, Mwalimu? Leo, kabla sijapanda hapa, uliinuka kama kawaida yako, ukaenda ukakomea mlango wa ukumbi, ukatangaza: “Mchelewaji abaki huko huko, hata awe nani!” Ukumbi mzima ukatulia. Ulidhani ni adabu? Ulimwona Mheshimiwa alivyojishikilia kwenye kiti? Na basi likiharibika njiani, abiria ana kosa gani?

Tunakushukuru, Mwalimu, kwa kutufundisha kumsikiliza mwenzetu mpaka mwisho, na kumwonea huruma hata anapokosea. Tutakukumbuka sana. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu, na kwa siri mliyoitunza tangu muhula uanze. Mrithi wa darasa amepatikana, na barua ya uhamisho anayo mkononi. Nimebakiza maneno machache tu, nayo nayaazima kwa Mheshimiwa.

We mama, fungua! Mwanao yuko nje.