Koo la Ngozi ya Mkono

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Afya wa Mkoa, Daktari Boahemaa: karibu Kumasi, karibu kwetu sisi wenye makoo mapya. Ukituona tunainamisha vichwa kila tunapokunywa maji, usidhani ni heshima kwako. Heshima tunayo, lakini hapo tunameza.

TULIKOTOKA
Tupo kumi na wanane. Saratani ilitushika kooni, madaktari wakaikata, kisha wakachukua ngozi na nyama ya mkono wakatushonea njia nyingine. Wametuokoa, tunawashukuru sana. Ila koo lililotoka mkononi halijui kumeza, hufundishwa. Aliyetufundisha ni Sista Frimpomaa, muuguzi wetu: kidevu chini, meza, kohoa, meza tena.

TULIPOFIKA
Wote tumeshatolewa mipira ya kulishiwa, isipokuwa mmoja. Kaka yetu Bra Opoku, aliyekwishatolewa, nusura arudishiwe wake. Alikwenda ukweni, akaandaliwa fufu, ule ugali wetu laini wa kumezwa bila kutafunwa, akaliteremsha tonge zima kama alivyolelewa. Likakwama. Sista alikuja na teksi, akamkohoza hadi likatoka.

"Kwa nini hukutafuna?"

"Sista, mimi mtoto wa Kumasi, nitafune fufu mbele ya mama mkwe?"

"Tafuna! Mama mkwe atazoea. Kifo hakizoeleki."

Siku hizi mama mkwe naye anatafuna, eti asimwache mkwewe aaibike peke yake.

CHANGAMOTO
Sista amepata barua ya uhamisho. Anaondoka Ijumaa, na hana wa kumwachia kazi. Yule mmoja mwenye mpira ni Maame Dufie, huyo mwenye kitambaa cha kijani shingoni. Miezi mitatu hajaonja hata mchuzi. Kijiko chake cha kwanza kimepangwa Jumatatu.

OMBI
Tulikuwa na orodha ndefu, tumeichana. Tunaomba moja tu: Sista abaki hadi amfundishe mwingine. Hajui kama tumeandika haya. Yuko jikoni anakagua kama supu yako ina mifupa, na akisikia atatugombeza. Tunampenda, mgeni rasmi, basi.

Maame Dufie bado hasemi. Ametuandikia kwenye karatasi tukusomee: "Mwambieni siogopi kumeza. Naogopa kumeza bila Sista."

Mungu akupe umri mrefu, na kila utakachokula kikushuke salama. Fufu lipo mezani. Wewe meza, sisi tutatafuna.

Ni sisi, Umoja wa Makoo Mapya, Kumasi.
Imesomwa na Yaa Pokuaa, aliyeomba radhi mara mbili ili ameze mate.