Hatua Isiyotumwa: Maisha ya Rosina Leuzinger

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Schwanden, wenzake wa posta, na wewe ambaye hukualikwa lakini umekuja na koti jeusi kama wengine, haya ni maisha ya Rosina Leuzinger, na anayeyasoma ni mdogo wake, Heiri Figi, fundi mstaafu wa mashine za kufuma, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo mzivumilie sentensi zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Schwanden, mtoto wa kwanza wa Mathias Figi, mpiga chapa za vitambaa kiwandani, na mkewe Elsbeth, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1945 hadi 1954, akawa wa kwanza kwa hesabu kila mwaka, hata mwalimu akamwambia baba kwamba ni hasara kichwa kama kile kumwangukia msichana, maneno ambayo baba aliyaleta nyumbani kama sifa, na Rosina akaondoka mezani bila kugusa supu.

Tarehe 1 Aprili 1956 aliajiriwa posta ya kijiji, kuchambua barua na kuhudumia dirishani, na tarehe 9 Mei 1964 alifunga ndoa na Jakob Leuzinger, fundi wa paa, aliyetutangulia mwaka 2003, wakajaliwa Käthi, 1965, na Ueli, 1968, ambao mnawaona kiti cha mbele.

Sataranji alijifunza mwenyewe kwa kitabu cha kuazima, na kwa kuwa hapa wanaume hawakutaka kufungwa na mwanamke, alicheza kwa posta na mwalimu mmoja wa Brno, kule kwa wakomunisti, Bohumil, kadi moja hatua moja, kila hatua tarakimu nne kama wafanyavyo wachezaji wa nchi mbalimbali, mbili za mraba wa kutoka na mbili za mraba wa kwenda, mchezo mmoja ukichukua miaka miwili, na Jakob alikuwa akiwaambia wenzake juu ya mapaa, "Mke wangu ana bwana wake Brno, tena bwana mwenyewe kazi yake ni kumlia farasi."

Aliomba kuwa mkuu wa posta yetu mwaka 1971, akanyimwa, akaomba 1976, akanyimwa, akaomba 1982, na safari hii mkaguzi alikuja mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Mama Leuzinger, kazi yako haina kasoro, nami sijui kwa nini, nimeambiwa tu hapana," na dada akamjibu, "Basi kamuulize aliyekuambia, mimi nitakusubiri hapa dirishani," na alisubiri dirishani miaka tisa, mpaka jibu lilipokuja kwa karatasi.

Ilipojulikana kwamba polisi wa siri wameweka majalada ya watu laki kadhaa wa nchi hii, aliandika kuomba la kwake, likafika tarehe 12 Machi 1991, kurasa saba, majina ya waliopeleka habari yamefutwa kwa wino mweusi, na ndani yake mlikuwa na kadi zake za sataranji, zimenakiliwa moja baada ya nyingine, na ya tarehe 14 Novemba 1969 imeandikwa hivi: "Tarakimu 4657, pengine saa na mahali pa kukutana."

Kadi hiyo haikutoka Schwanden, kwa sababu Rosina aliiweka kwenye mfuko wa barua, akakumbuka saa ile ile kwamba hatua hiyo ingempotezea malkia, akaomba irudishwe, na mfanyakazi mwenzake akaitoa mfukoni, akaitazama, akampa huku akicheka, naye akaichana na kuitia jikoni motoni, kwa hiyo wino mweusi haukumficha mtu, maana zaidi ya mwenzake huyo binadamu mwingine hakuiona.

Pale mgahawani mwimbaji mmoja wa kwaya alimwambia, "Rosina, asiye na la kuficha ataogopa nini?" naye akasema, "Haya, kalete barua za mkeo, nizisome hapa kwa sauti," na yule bwana akamaliza bia yake, akalipa, na leo wapo humu wanaofikiri kama yeye bado, nami nawaambia wazi kwamba wanafikiri vibaya.

Tarehe 5 Mei 1991, katika baraza la wananchi wote pale uwanjani Glarus, ambako sote hupiga kura kwa kuinua mkono mbele ya jirani, mke, na bosi, ilijadiliwa hoja ya majalada ya polisi, Rosina akaomba nafasi, akapanda jukwaani, akasema, "Hapa kila mtu anajua mwenzake amepiga kura gani, na bado kuna aliyeona afadhali kunong'ona. Aliyeniandika ainue mkono. Tumezoea." Watu walikuwa maelfu, mikono yote ikabaki chini, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa hatua kumi kutoka kwa mdogo wake, aliyeshikwa koti na Jakob asiende kuuinua kwa nguvu.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2018, akafariki tarehe 2 Novemba 2019, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na wanawe, na wiki moja kabla mdogo wake alimwambia kwamba jina la mfanyakazi mwenzake yule atalisoma kanisani, naye akamkaripia kama mtoto, "Wewe Heiri, kanisani hakuna anayeruhusiwa kujibu. Kumsema mtu mahali asipoweza kujibu ndiko nilikofanyiwa mimi. Mezani, baada ya maziko, ni juu yako."

Kwa hiyo jina halisomwi hapa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea kuni, wenzake wa posta, wote isipokuwa mmoja, na familia ya Bohumil iliyotuma kadi kutoka Brno. Baada ya maziko mnakaribishwa wote mgahawani kwa chakula, ambapo jina litatajwa mara moja, kwa sauti, na kiti cha kushoto kwa Heiri hakitakaliwa na mtu mwingine, ili mwenye jina hilo aketi, ale supu, na ajibu mbele ya watu, atapewa muda wote anaoutaka, na hakuna atakayemkatiza.

Lala kwa amani, dada. Sasa hakuna anayekuandika.