Kisiwani au Milimani

Treni ilipoondoka, dada aliyeketi mbele yangu alikuwa amefungua kompyuta mapajani, na mguu wake mmoja haukutulia. Yeye huchora ramani za nyumba kwa ajili ya ofisi iliyo nchi nyingine. Hayo alimweleza mama aliyeketi kando yake, nesi mstaafu, bila hata kuulizwa. Sasa nchi mbili, moja ya kisiwani na moja ya milimani, zinatoa viza kwa wanaofanya kazi kwa mtandao, na leo ni lazima aombe moja.

"Kisiwani wananiruhusu kwenda na mama yangu," alisema. "Milimani intaneti haikatiki, ila mzazi haruhusiwi mpaka mwaka upite."

"Basi kisiwani, mwanangu. Mzazi haachwi hivihivi," nesi alijibu, kana kwamba yeye ndiye anayegonga mihuri. "Mwenyewe anasemaje?"

Miezi mitatu ya kujaza fomu, na hilo dada hakuwahi kuuliza. Akapiga simu, akaweka spika, na behewa zima tukajifanya tunatazama nje.

"Kisiwani nikafanye nini?" mama yake alisema. "Nenda milimani. Mimi mwezi ujao naanza kujifunza kuendesha gari, na mwalimu nimeshampata."

"Mama, una miaka sitini na minane."

"Ndiyo maana nina haraka."

Nesi alicheka hadi akashika kiti. "Mimi bado nasema kisiwani," alisema akifuta machozi. "Gari atajifunzia hukohuko."

Dada naye alikuwa anacheka, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. Treni ikasimama, milango ikafunguka, na kwa bahati mbaya kituo kilikuwa changu.