Fundi Simama na Gari Jekundu la Daktari wa Meno

Ijumaa hii, kazi zitakapofungwa, mkuu wa kitengo cha breki katika karakana yetu atavua ovaroli lake na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake analo, lakini hapa karakanani hakuna anayelitumia. Mafundi, wateja na hata mkewe humwita Simama. Jina hilo alilipata kwa tabia yake: akishatengeneza breki hukaa kiti cha abiria, humwacha mwenye gari aendeshe, kisha katikati ya safari hulitamka neno hilo moja kwa sauti ya chini. Gari lisiposimama kama anavyotaka, linarudi kwenye jeki, mwenye nalo apende asipende.

Alianza hapa kama mwosha magari, enzi ambazo karakana ilikuwa banda la mabati lenye shimo moja la kufanyia kazi chini ya gari. Mvua ikinyesha shimo liligeuka bwawa. Aliingia kitengo cha breki kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Vumbi lake lilikuwa baya, na sifa hazikuwapo, maana mteja husifia injini inavyonguruma na huzikumbuka breki siku zinapomtupa. Kutoka hapo alipanda hadi kuwa mkuu wa kitengo, akatuletea kazi ya mabasi ya shule ambayo tunayo hadi leo, na amefundisha mafundi waliosambaa mji mzima. Binti anayemrithi kiti ni mwanafunzi wake, na tayari ameanza kuwa mkali kama yeye.

Ukitaka kumtesa Simama, mpe lifti. Muda wote mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Zulia la upande wa abiria katika gari la meneja limetoboka, na meneja hajawahi kuuliza ni nani aliyelitoboa.

Mimi natunza stoo ya vipuri. Kaunta yangu iko katikati, kulia breki, kushoto injini, na nadhani ndiyo sababu nimeombwa kuandika haya. Kwa muda mrefu nilikuwa pia mjumbe kati ya Simama na fundi mkuu wa injini, tunayemwita Petroli. Petroli amemwoa dada yake Simama. Katika shughuli moja ya familia, mbele ya wakwe wote, alijisahau akasema kazi ya breki ni kubadilisha pedi tu, hata yeye anaiweza macho yakiwa yamefumbwa. Simama aliweka sahani chini, akaaga, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Walifanya kazi hatua chache kutoka mmoja kwa mwenzake, wakizungumza kupitia kwangu. "Mwambie shemeji yangu asogeze lile gari." "Mwambie shemeji yangu limeshasogezwa." Dada mtu akaona awakomeshe, akawa anawapakia chakula cha mchana katika chombo kimoja ili wale pamoja. Wakakileta kaunta nikigawe. Nilikigawa, na mimi nikapata fungu langu, kwa hiyo nakiri sikuwa na haraka ya kuwapatanisha.

Ndipo likaja gari jekundu. Lilikuwa la milango miwili, la kizamani, lenye injini kubwa kuliko mwili wake. Daktari mmoja wa meno aliachiwa na marehemu baba yake, na akalipenda kiasi kwamba alilifuta vumbi kwa kitambaa cha kufutia miwani. Shida yake ilikuwa hii: mara nyingine, akiwa kwenye mwendo, pedali ya breki iligeuka ngumu na gari halikushika. Akifika karakanani, hakuna kitu.

"Nakanyaga kama nimekanyaga jiwe," alituambia. "Nikifika hapa linakuwa na adabu, na nyie mnaniangalia kama mwongo."

Simama alibadilisha pedi, akatazama diski, akabadilisha mafuta ya breki na kutoa hewa yote. Alijua pedali ngumu maana yake mguu haupati msaada, kwa hiyo akaipima servo, lile duara la chuma linaloupa mguu nguvu kwa kutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Ilikuwa nzima. Akanituma kwa Petroli: aangalie injini, pengine haivuti hewa ya kutosha. Petroli akapima, akanirudisha: injini inavuta vizuri, breki ni za wenye breki. Gari likaondoka, likarudi. Safari ya tatu daktari aliuweka ufunguo juu ya kaunta yangu. Alikuwa ameponea chupuchupu kwenye kivuko cha watoto wa shule, na sasa alitaka kuliuza.

Petroli akachukua ufunguo. "Mwambie shemeji yangu nalitoa barabarani nimwoneshe kwamba injini haina kosa."

"Mwambie asilitoe," alisema Simama.

Sikupata nafasi ya kumwambia yeyote. Petroli alikwisha kuwasha gari. Simama akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda, akatazama mbele. Wakatoka getini kimya. Yaliyofuata nilisimuliwa na kila mmoja peke yake, na kwa mara ya kwanza maelezo yao yalifanana.

Walizunguka barabara kuu mpaka injini ikapata moto hasa. Kisha wakaushika mteremko unaoshuka kwenye taa za barabarani. Petroli aliliachia gari likanguruma, halafu akakanyaga breki. Pedali ikawa jiwe. Chini kulikuwa na foleni, na mwisho wa foleni lori la matofali.

"Kandamiza moja kwa moja, usipampu," alisema Simama. "Teremsha gia. Tena."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa shemeji yake tangu ile siku ya sahani. Huku akisema, mkono wake ulikuwa kwenye breki ya mkono, akiivuta kidogo kidogo, kitufe kimebonyezwa, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge gari likazunguka. Petroli alikuwa amesimama kabisa juu ya pedali. Gari lilisimama karibu na lori kiasi kwamba Petroli anasema aliona alama za vidole kwenye matofali. Nyuma watu wakapiga honi. Ndani ya gari hakuna aliyesogea.

"Shemeji," alisema Petroli.

"Naam."

"Ningekuwa peke yangu, saa hizi dada yako ni mjane."

Simama aliivuta breki ya mkono mpaka mwisho.

"Yale niliyosema nyumbani kwenu, nilikosea."

"Utayasema mbele ya watu wale wale. Sasa liweke pembeni, tufungue boneti kabla injini haijapoa."

Waliliegesha pembeni injini ikiwa inawaka. Petroli akavuta waya wa mafuta, injini ikapanda, na Simama akainama akaangalia. Kati ya injini na servo kulikuwa na mpira mweusi unaopitisha ule mvuto wa hewa. Ulikuwa mkuukuu, na kwa joto ulilainika ukajinyonya, kuta zake zikashikana kama mrija wa soda ulionyonywa kwa pupa. Hewa haikupita, servo haikupata nguvu. Ukipoa, unarudia umbo lake la duara na kukaa kama haukufanya lolote. Simama alikuwa amebadilisha kila kitu kilichokuwa cha breki, na Petroli amekagua kila kilichokuwa cha injini. Ule mpira kila mmoja alidhani ni wa mwenzake.

Walirudi wakaja kaunta yangu pamoja, wakibishana kwa sauti mpira huo uandikwe kitengo gani. Karakana nzima iliacha kazi kuwasikiliza. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile. Jioni, mpira mpya ukiwa umefungwa, Simama alimpeleka daktari kwenye mteremko ule ule, injini ikiwa moto, akamwambia neno lake. Gari lilisimama. Daktari akaomba warudie, wakarudia mpaka mafuta yakakaribia kwisha, naye aliporudi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Habari ya kuuza haikutajwa tena.

Petroli naye alitimiza. Katika shughuli iliyofuata ya familia aliinuka mbele ya wakwe, akaomba radhi, na dada mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tuna utaratibu: gari lenye lalamiko la breki hutoka na mafundi wawili, mmoja wa kila kitengo, na hawarudi mpaka injini ipate moto.

Simama, shemeji yako amesema hataweza kusoma haya hadharani, kwa hiyo nitayasoma mimi. Mji huu una watu wengi wasiokujua, na hawana sababu ya kukujua, kwa kuwa siku ile walipokuwa wanavuka barabara gari lilisimama, wakaendelea na safari zao. Kwa niaba yao na yetu, asante. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, ulee wajukuu, ulale mchana bila kuulizwa. Na ukipewa lifti, kaa kiti cha nyuma.