Cleotha Purifoy na Riviera Iliyoliwa na Chumvi

Kaka yangu Cleotha Purifoy alizaliwa tarehe 11 Aprili 1938 huko Earle, Arkansas, mtoto wa tatu wa marehemu Roscoe na Idella Purifoy. Mimi ni Ozella, kitinda mimba wao. Nimeandika karatasi hii ya mazishi kwa sababu ndugu zangu wengine wote wametangulia, na nimeandika mambo kama yalivyokuwa.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha pamba ikamtoa shuleni. Mwaka 1956 alipanda basi kuja hapa Flint, na Novemba 1962 akaajiriwa kwenye kiwanda cha magari, upande wa kufunga milango. Huko alikutana na magari ya Riviera ya toleo la kwanza, la 1963, na hapo ndipo tulipompoteza. Wengine hutaja babu zao. Cleotha alitaja Riviera. Ile ya sitini na tatu, ya sitini na sita iliyonenepa, ya sabini na moja yenye kioo cha nyuma kilichochongoka, ya sabini na tisa iliyovutwa na magurudumu ya mbele, ya themanini na sita iliyosinyaa hadi wateja wakaikimbia. Alistaafu mwaka 1992, baada ya miaka thelathini.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Earline Tubbs, wakajaliwa binti mmoja, Delphine. Riviera yake mwenyewe ilikuwa ya kijani, ya mwaka 1971, na hukuruhusiwa kuingia bila kupangusa viatu. Earline aliiita mke mwenzake. "Mwenzangu ameshaogeshwa," alikuwa akiniambia, "mimi hata kahawa sijaonjeshwa." Tulicheka sana katika nyumba ile.

Hapa kwetu barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, nayo hula bodi la gari, hivyo hakuna mwenye akili anayetoa gari la namna hiyo wakati wa baridi, kabla mvua za Aprili hazijaosha chumvi barabarani. Asubuhi ya tarehe 19 Januari 1994 Earline alibanwa na kifua. Pikapu yao ya kila siku iligoma kuwaka kwa baridi. Riviera ilikuwa gerejini chini ya mashuka, betri imejaa.

"Baba, toa Riviera," Delphine alimwambia.

"Barabara ni chumvi tupu, mwanangu. Ambulensi iko njiani."

Ambulensi ilikwama kwenye theluji, ikafika baada ya dakika arobaini. Earline alikata roho kabla ya kufika hospitali. Kaka yangu alikosea, na alijua hivyo kabla ya yeyote kumwambia. Delphine alimzika mama yake, akahamia Lansing, asiseme na baba yake tena.

Tangu hapo, kila tarehe 19 Januari, Cleotha aliitoa Riviera kwenye chumvi ileile, akaendesha hadi Lansing, akaegesha mbele ya nyumba ya Delphine kwa saa nzima, akarudi. Mlango haukufunguliwa. Mwaka 1998 ilipotoka kiwandani Riviera ya mwisho kabisa nilimpelekea gazeti, hakulifungua. Kutu ilianza kwenye matao ya magurudumu, ikapanda milangoni, ikashuka sakafuni.

"Walau ioshe chini, wewe mzee mkaidi," nilimwambia.

"Iache iliwe, Ozella."

Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia.

Januari hii alikwenda mara ya kumi na tisa. Sakafu ilikuwa imetoboka, ameziba kwa ubao, na upepo wa barabarani ulimpiga miguuni njia nzima. Alirudi akitetemeka. Nimonia ilimlaza siku kumi, akafariki tarehe 2 Februari 2013, akiwa na miaka sabini na minne. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliuliza mara mbili kama kuna mtu amekuja, na sikuweza kumdanganya.

Jumatatu, kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa, nilimpigia Delphine. "Nakuandika kati ya aliowaacha, au nisikuandike?"

"Shangazi, nilikuwa nasimama nyuma ya pazia," akasema. "Kila mwaka, saa nzima, mpaka aondoke."

"Hukunijibu, mwanangu."

"Niandike. Nitakuja."

Marehemu ameacha dada mmoja, Ozella, na binti mmoja, Delphine, ambaye yuko nasi hapa makaburini leo.

Kaka, pumzika sasa kwa amani. Amekuja.