Arlys Torkelson Hakati Simu Mpaka Asikie

Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, saa kumi jioni, Bi. Arlys Torkelson atavua simu yake ya kichwani na kuondoka meza namba moja ya Kitengo cha Msaada kwa Wateja hapa Duluth, jimboni Minnesota. Atakuwa ameitumikia kampuni miaka thelathini na mmoja kasoro siku tatu. Uongozi ulijitolea kumwongezea siku hizo ili hesabu itimie. Alikataa, alisema Jumatatu ana miadi na fundi bomba.

Alianza ghalani mwaka 1994, akifunga kwenye maboksi risiva zetu, zile mashine zinazopokea sauti ya televisheni na kuigawa kwenye spika za sebule nzima. Miaka miwili baadaye aliletwa kwenye simu kukaimu nafasi ya mwenzetu aliyekwenda likizo ya uzazi. Mtoto yule sasa ni daktari wa meno, na Arlys hajaambiwa arudi ghalani.

Simu nyingi tunazopokea ni za aina moja: mashine inawaka, picha ipo, spika ziko kimya. Mara nyingi mtu ameacha hedifoni imechomekwa, na mashine ikaona hakuna haja ya kuzisumbua spika. Lakini mtu wa huku, ukimuuliza kama ameichomeka, atakujibu hapana kabla hajatazama, kisha ataona heri aendeshe gari kilomita sitini kwenye theluji kwenda kununua spika mpya kuliko kukupigia tena. Arlys hakuuliza. Alisema, "Hebu nenda mbele ya mashine, upulize lile tundu la hedifoni, huwa linashika vumbi." Mteja alikwenda, kikasikika kitu kikichomolewa, halafu akarudi kusema kwamba kweli lilikuwa na vumbi jingi na sasa sauti imerudi. Arlys alimshukuru kwa kupuliza vizuri.

Sheria yake ilikuwa moja: hakati simu mpaka asikie sauti kwa sikio lake. Hakuridhika na kuambiwa tu, kwa sababu watu wetu husema "sio mbaya" hata nyumba ikiungua. Mteja alitakiwa kusogeza simu kwenye kila spika, moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 meneja wetu, Bw. Curtis Bergquist, aliagiza kila simu iishe ndani ya dakika nane. Za Arlys zilichukua kumi na tisa. Aliandikiwa barua tatu za onyo, akazipanga vizuri chini ya chungu cha ua lake ili meza isilowe. Barua ya nne ingemwachisha kazi. Kabla haijaandikwa, Bw. Bergquist alipitia kumbukumbu za mwaka mzima akakuta wateja wa Arlys hawapigi mara ya pili. Agizo likafutwa kimyakimya.

Mwandishi wa wasifu huu anakaa meza namba mbili tangu mwaka 2006, na hapa inabidi aache kujiita mwandishi, aseme "mimi".

Jumamosi moja ya Novemba iliyopita alipiga simu Bw. Wendell Kangas wa mji wa Two Harbors. Alikuwa amewaalika majirani kutazama hoki, na spika zilikuwa kimya. Dakika ya sita Arlys alimwelekeza kwenye kitufe cha kuwasha spika, naye akakibonyeza. Mimi, mita mbili pembeni, nikasikia tarumbeta za uwanjani zikivuma kutoka kwenye simu ya kichwani ya Arlys.

"Sogeza simu kwenye spika, Bwana Kangas," Arlys akasema. Halafu, "Bado sisikii kitu."

Kule Two Harbors mtu alisimama mbele ya spika inayonguruma akafikiri. "Sawa, mama," akajibu. "Kama unasema hakuna, basi hakuna."

Akaanza kufungua nyaya, moja moja, kama alivyoelekezwa. Hakutaka kumbishia mtaalamu. Mimi nami ni mtu wa huku huku: nilijua, na nilikaa nikitazama kikombe changu cha kahawa. Nilinyamaza dakika thelathini na mbili. Naona aibu mpaka leo, na nimeomba ruhusa ya Arlys kuiandika aibu hiyo hapa.

Mwishowe nikamgusa bega. "Arlys, ilikuwa inalia."

"Tangu lini?"

"Tangu dakika ya sita."

Alihamisha simu kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. "Bwana Kangas, niambie kweli. Spika ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa inalia vizuri sana, mama. Sikutaka kukukatiza."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshaing'oa yote."

Arlys alicheka, kisha akafuta macho, na sina hakika kama ni kwa kicheko tu. Akamwelekeza kurudisha nyaya zote, nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Walipomaliza alinipa simu yake ya kichwani. "Roald, sikiliza wewe. Kila spika." Nikasikiliza zote tano, nikamwambia nasikia, ndipo akabonyeza kitufe cha kukata. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye alifichuliwa na tarumbeta. Sikio la kushoto lilikuwa limeanza kufa miaka miwili nyuma, likibaki na sauti za maongezi na kupoteza zile za juu, na Jumatatu yake akapeleka barua ya kustaafu. Alisema hawezi kuidai sauti asiyoisikia.

Tangu Januari Kitengo kizima kinafuata sheria yake, kwa maandishi, na sahihi ni ya Bw. Bergquist. Arlys amepata kifaa cha kusaidia kusikia. Analalamika kwamba sasa anasikia jinsi ninavyokunywa kahawa.

Ijumaa hiyo tutakuwa ukumbini kuanzia saa kumi na robo. Bw. Kangas atakuja na bakuli lake la viazi na nyama vya kuokwa, na ameomba yeye mwenyewe afunge risiva na spika tano, kwa kuwa hakuna mtu Minnesota nzima aliyezifungua na kuzifunga mara nyingi kuliko yeye.

Arlys, tunakushukuru kwa kila dakika kumi na tisa. Tunakutakia maisha mema, yenye afya na kelele nyingi. Ijumaa tutapita nawe kwenye kila spika, moja baada ya nyingine, na hakuna atakayeondoka mpaka useme unasikia. Ukiwa husikii, sema. Mimi safari hii sitanyamaza.

Roald Sundquist, meza namba mbili