Mzee Nyundo na Mkono Ambao Haukushuka

Tarehe thelathini mwezi wa sita, dalali mkuu wa jumba letu la mnada, ambaye sote tunamwita Mzee Nyundo, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Ataiacha nyundo mezani, atalivua lile koti la kijivu lenye mfuko uliotoboka, na akija tena atapitia mlango wa wanunuzi kama watu wengine. Mkewe ameshatuonya tusimuuzie kitu. Anasema nyumbani hakuna pa kuweka hata kijiko.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, binti wa mhasibu. Wakati wa likizo huwa naandika maelezo ya vitu kwenye orodha ya mnada kwa lugha mbili, kwa sababu shuleni nimesomeshwa kwa lugha mbili. Nakiri kwamba zote mbili nazijua zaidi kwa kuzinyamazia. Ofisini walisema anayenyamaza sana lazima awe anaandika vizuri. Sikubisha, maana kubisha nako kunahitaji kusema.

Mzee Nyundo alianza hapa kama mbeba samani. Wanaomkumbuka wanasimulia kwamba siku moja alikuwa akishuka ngazi na kabati la milango mitatu mgongoni, huku akimsifia mwenzake wa nyuma jinsi mbao zake zilivyokauka vizuri na droo zinavyoteleza, mpaka mteja aliyekutana nao njiani akauliza bei. Meneja wa wakati ule akaona mgongo unachoshwa bure ilhali mdomo upo. Akamfanya karani wa mlangoni, kisha msaidizi wa dalali. Dalali mwenyewe alipokaukiwa sauti katikati ya mnada wa mazulia, Mzee alipanda jukwaani na viatu vyake vya kubebea mizigo, akayauza yote hadi zulia lililoliwa na panya. Hakushuka tena.

Vibao vyenye namba ambavyo wanunuzi wetu huinua ni kazi yake. Zamani watu waliinua mikono tu, na ikatokea siku bwana harusi mtarajiwa akamfukuza nzi usoni, akajikuta amenunua beseni la kuogea la chuma ambalo lilihitaji wanaume sita kulibeba. Mchumba wake alikaa siku kadhaa bila kumsemesha. Tangu hapo sheria ya Mzee ikawa moja: bila kibao, mkono hauonekani. Alijizoeza kutowaona wanaojikuna, wanaojipepea, wanaotengeneza mitandio. Sheria yake ya pili aliitamka kila mnada, na wateja wa siku nyingi waliisema pamoja naye: maji yakimwagika hayazoleki, nayo nyundo ikilia haibembelezwi. Hakuwahi kurudisha nyuma mauzo hata mara moja, na hilo alijivunia kuliko mshahara.

Nilidhani wasifu ungeishia hapo, pamoja na madalali wawili aliowafunza na kombe la mfanyakazi bora ambalo sasa anawekea kalamu. Mzee aliposoma rasimu yangu akaguna. Akasema nimemwandika kama marehemu, halafu akaniagiza niongeze mnada wake wa mwisho, ule wa barua. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba siku ile ndiyo aliyovunja sheria zake zote mbili. Akasema ndiyo maana.

Barua yenyewe iliandikwa na yule mwigizaji wa sinema aliyefariki mwaka juzi, mwanamke ambaye kwenye skrini alikuwa malkia, jambazi na hakimu, na akimkazia mtu macho hata sisi tulio kwenye viti tulikuwa tunakaa sawa. Aliiandika kwa mkono wake akiwa na miaka kumi na mitatu, yuko bweni, kwenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani na aliitunza chini ya karatasi ya droo ya meza yake ya kujipambia. Wapwa zake walipompakia rangi nyumba, waliiuza ile meza wakidhani wanamwondolea takataka. Aliyeinunua akaikuta barua, akalitambua jina, akaileta kwetu. Haya yote tuliyajua baadaye. Kwenye orodha mimi niliandika tu kwamba barua ni ya ujanani, kwa shangazi asiyejulikana.

Siku ya mnada ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele alikaa mteja wetu tunayemwita Bwana Mabango, kwa kuwa hukusanya mabango ya sinema na kila kinachonukia sinema. Barua ilikuwa mezani ndani ya kioo, upande wa kwanza ukitazama watu. Bei ikapanda kwa haraka, wanunuzi wakaanza kuacha mmoja mmoja, akabaki Bwana Mabango peke yake. Mzee akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyundo ikalia. Watu wakapiga makofi.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na mama mzee ambaye mkono wake ulikuwa juu. Haukuwa juu sana. Sisi wenye haya tunaujua mkono wa namna hiyo: unapanda polepole, unaishia usawa wa sikio, na mtu akikutazama unajifanya unatengeneza mtandio. Hakuwa na kibao. Alidhani vibao ni vya wafanyabiashara. Makofi yakaisha, watu wakaanza kufunga mikoba, na mkono bado uko palepale.

Mzee akauona. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, samahani," akasema. "Mkono huo unajikuna au unanunua?"

"Unanunua, baba. Tangu mwanzo."

Ukumbi ukacheka, lakini Mzee hakucheka. Aliitazama nyundo yake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwaibisha mbele ya wageni. Akatangaza kwamba amegonga kabla ya wakati, kosa ni lake, na bei inafunguliwa upya. Karani akakimbia kumwandikisha yule mama na kumpa kibao. Bwana Mabango alishasimama. Alikuwa na haki ya kukasirika, na aliitumia vizuri. Akamuuliza Mzee kama si yeye aliyewakaririsha miaka yote kwamba nyundo ikilia haibembelezwi.

"Leo itabembelezwa," Mzee akajibu.

Mama akataja bei yake, juu kidogo tu ya ile ya mwisho. Ilionekana wazi kwamba hapo ndipo alipofika, hakuna kingine mkobani. Bwana Mabango angeinua kibao mara moja tu na barua ingekuwa yake. Akageuka nyuma na kuuliza, si kwa ukali sana, mama anaitakia nini.

"Hiyo barua niliandikiwa mimi."

Watu wengi wanaweza kusema hivyo, na Bwana Mabango akamwambia hivyo hivyo. Yeye siku ya kukagua aliisoma pande zote mbili. Akamwomba mama aseme inavyoishia, kwa kuwa mwisho uko upande wa nyuma na kwenye orodha haukuchapishwa. Mama akasimama, akaushika mkoba kwa mikono yote miwili. Akaeleza kwamba mtoto alikuwa amepewa kuigiza mti kwenye mchezo wa shule. Mti usiosema neno, na bado alikuwa hapati usingizi kwa hofu. Mwishoni akamwandikia: "Shangazi, uje, ukae mbele, lakini usinitazame."

Bwana Mabango alikaa chini polepole. Akauliza lile ambalo sote tulitaka kuliuliza, kama alikwenda.

"Nilikwenda. Nilikaa mbele. Nikatazama viatu vyake tu, mpaka mwisho."

Bwana Mabango akakilaza kibao mapajani, namba ikitazama chini. "Gonga, Mzee," akasema. "Ifike kwa mwenyewe." Mzee akaigusisha nyundo mezani taratibu, kama anayeweka yai. Nadhani ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, maana pazia la dirishani lilicheza. Aliyeileta barua naye alikuwa anatabasamu. Bwana Mabango alimfungulia mama mlango, kisha akarudi kununua bango lililochanika, akidai hawezi kwenda nyumbani mikono mitupu akachekwe na mke wake.

Baadaye nilimkuta Mzee stoo, amekaa kwenye kiti kilichokosa mnunuzi, anakunywa maji. Aliniambia alihofia miaka yote kwamba siku akirudisha nyundo nyuma, watu hawatamwamini tena. Sasa ameirudisha, na anajisikia kama aliyetua lile kabati la milango mitatu.

Mzee wetu, asante kwa sauti yako, kwa subira yako, na kwa kuutazama ukumbi mara moja zaidi baada ya nyundo kulia. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, chai yako isipoe kwa ajili ya mtu yeyote, na jirani akijikuna usimuuzie kitu.

Wameniambia wasifu huu nitausoma mimi mwenyewe siku ya kuagana, mbele ya wote. Nimeombwa sana na nimekosa pa kujificha. Kwa hiyo nina ombi moja. Siku hiyo uje, Mzee, ukae mbele, lakini usinitazame.